Udongo wa Nyumba na Udongo wa Mkarafuu



Kila mavuno yanapokuwa mema, pesa za karafuu aghlabu huenda katika mambo matatu: madeni, harusi na nyumba. Juu ya madeni na harusi hatuna la kusema katika kurasa hizi. Lakini juu ya nyumba twaona imetupasa kusema, kwani nyumba za wanachama wetu hujengwa ndani ya mashamba ya mikarafuu au pembezoni mwake, na kila nyumba inayojengwa hugusa ardhi ambayo ndiyo rasilmali yetu. Hatukusudii kufundisha uashi. Mafundi wapo, na waijuao kazi yao ni wengi. Sisi twataka kueleza kazi inayotangulia kabla fundi hajalaza jiwe la kwanza, nayo ni kazi ya kuitengeneza ardhi. Kazi hiyo mara nyingi huachiwa vibarua wa siku mbili tatu na majembe yao, mwenye nyumba mwenyewe hayupo, na hapo ndipo nyumba nyingi huanza kuharibika kabla hazijainuka kuta.

Jambo lenyewe ni hili: mkarafuu na nyumba vinapenda mahali pamoja. Mkarafuu hautaki maji ya kusimama. Wataka udongo wenye kina, unaopitisha maji, juu ya vilima na mabegani mwake. Nyumba nayo yapataka papo hapo, kwani bondeni ni pa mpunga, na udongo wa kinamo wa bondeni huvimba wakati wa mvua na hupasuka wakati wa jua, na ukuta uliokaa juu yake huvimba na kupasuka pamoja nao. Wenzetu wakaao upande wa mashariki ya kisiwa chetu cha Pemba, penye uwanda wa mawe, shida hii hawanayo. Mikarafuu kwao haistawi, na jiwe walipata karibu. Maneno yetu khasa ni kwa wakaao katika vilima vya kati na vya magharibi.

Na tupige hesabu kidogo. Wengi wetu twalima mashamba ya eka tatu yaliyogawiwa baada ya mwaka 1964. Ukichukua mahali pa nyumba, uani, choo na uwanja wa kuanikia karafuu, jumla futi 100 kwa 100, umekwisha chukua karibu sehemu moja katika kumi na tatu ya shamba lako. Hapo, kwa nafasi ya futi 25 baina ya mti na mti, ni pahala pa mikarafuu 16. Hatusemi watu wasijenge. Twasema tu kwamba bei ya nyumba si saruji na mabati peke yake.

Kwa hivyo la kwanza ni kuchagua. Tazama penye mapengo, mahali ambapo mikarafuu imekufa na haijapandwa mingine, au pale pembeni karibu na njia ambapo udongo ni mwembamba na miti haizai vizuri. Usiwe na haraka ya kupanda juu kabisa ya kilima kwa ajili ya upepo na kuonekana; huko ndiko uliko udongo wako ulio bora. Na ikiwa hapana budi mkarafuu ulio hai ukatwe, basi kibali kwanza, kwani mti huo haukatwi kwa hiari ya mwenye shamba peke yake. Kadhalika kibali cha kujenga. Anza kwa Sheha wako, naye atakuonyesha pa kwenda.

Wako watakaosema: Wazee wetu walijenga miaka na miaka, hawakuchimba mashimo ya kupimia wala hawakushindilia kifusi, mbona nyumba zao zilisimama? Swali hili ni zuri na linastahili jawabu. Nyumba ya mzee ilikuwa ya miti, fito na udongo, na paa la makuti. Nyumba hiyo ni nyepesi, na tena inanyumbuka. Ardhi ikititia inchi moja upande mmoja, nguzo hushuka pamoja nayo, udongo wa ukutani huchanika kidogo, na mwenyewe huukandika tena siku ya pili akasahau. Nyumba ya matofali ya saruji haijui kunyumbuka. Ni nzito mara nyingi kuliko ile, na ardhi ikititia inchi moja chini ya pembe yake, ukuta hupasuka kutoka pembe ya dirisha mpaka chini, na ufa huo hauponi kwa lipu; kila ukiuziba hurudi. Wazee hawakukosea. Nyumba ndiyo iliyobadilika, na ardhi ni ile ile.

MASHIMO YA KUTAZAMIA

Kabla ya kupiga mambo na kuvuta uzi, chimba mashimo matatu: mawili kwenye pembe za nyumba na moja katikati, kila moja futi nne kwenda chini. Kazi hii ni ya mtu mmoja kwa siku moja, na haina gharama ya kutisha. Kisha teremka uyatazame mwenyewe.

Juu utaona udongo mweusi au wa rangi ya kahawia, mwepesi, wenye mizizi midogo na harufu ya majani yaliyooza. Huu twauita udongo wa juu. Katika vilima vyetu mara nyingi kina chake ni kama shibiri moja, pengine zaidi penye kivuli cha zamani, na pengine haupo kabisa kwa kuwa mvua zimekwisha uchukua. Chini yake rangi hubadilika ikawa nyekundu au manjano, na jembe huanza kugoma. Huo ndio udongo wa nyumba.

Chukua konzi ya huo wa chini, uutie maji kidogo, uufinyange kama ufito mnene kama kidole. Usipofungamana kabisa, ni mchanga. Msingi wake uwe mpana na ulindwe na maji yasije yakauchimbua. Ukifungamana lakini ukakatika ukiupinda, ni mchanganyiko mzuri, na mwenye kiwanja na ashukuru. Ukipindika kama pete bila ya kukatika, tena ukateleza na kung'ara ukiupitishia kidole, hicho ni kinamo. Tafuta mahali pengine kama unaweza, na kama huwezi usijenge kabla ya kumwonyesha mtu aliyesomea kazi hiyo.

Yaache mashimo wazi usiku mmoja, uyafunike kwa miti watoto na mbuzi wasitumbukie. Asubuhi ukikuta maji yamejikusanya ndani, na mvua haikunyesha, jua kuwa maji ya ardhini yako karibu na hapo si mahali pa msingi wala pa choo. Mwenye kutazama wakati wa kaskazi, ardhi ikiwa kavu, aulize na majirani mahali hapo huwaje katika masika.

UDONGO WA JUU USIZIKWE

Sasa twafika katika jambo ambalo khasa lilitufanya tushike kalamu. Udongo wa juu haufai kubeba nyumba. Ndani yake mna mizizi, majani na vijiti vinavyoendelea kuoza, na kila kinachooza huacha tundu, na matundu yakijifunga ardhi hushuka. Sakafu iliyomwagwa juu yake hutoa sauti ya ngoma ukiigonga, kisha hupasuka. Lakini udongo huo huo ndio chakula cha mkarafuu. Ule mwekundu wa chini, ulio bora kwa msingi, mche ukipandwa ndani yake peke yake hudumaa.

Na tunachokiona katika mashamba ni kinyume. Vibarua huuchota udongo wa juu wa upande wa kilimani, huutupa upande wa bondeni ili kusawazisha kiwanja, kisha huuzika kwa udongo mwekundu, na nyumba hujengwa juu ya vyote viwili. Hapo mwenye nyumba amepata hasara mara mbili kwa ujira mmoja: nyumba imekaa juu ya kitu kinachooza, na chakula cha miti yake kimezikwa chini ya sakafu.

Yafaa kazi ifanywe hivi. Piga mambo ya kiwanja kizima, na ukomba udongo wa juu wote kabla ya kugusa ule wa chini. Uchukuliwe kwa makarai ukalundikwe kando, mahali pa juu pasipopitiwa na maji, lundo lisizidi kimo cha kiuno, na lifunikwe makuti au majani mvua isije ikalisomba. Usilundike kwenye shina la mkarafuu wala juu ya mizizi yake. Mizizi inayokula ya mkarafuu iko karibu na uso wa ardhi, nayo yataka hewa. Mti uliofukiwa shina hunyong'onyea pole pole, majani yakaanza kupukutika juu, na mwenyewe akasema ni maradhi.

Huenda mtu akaona udongo huo ni takataka ya kusumbua. Basi na ahesabu. Kiwanja cha futi 40 kwa 30 kikikombwa inchi 8 hutoa futi za ujazo 800. Shimo la kupandia mche, la futi mbili kila upande, ni futi za ujazo 8. Kwa hivyo udongo uliotoka chini ya nyumba moja watosha kujaza mashimo 100 ya miche ya mikarafuu. Mwenye kujenga mwaka huu, na miche ya kuziba mapengo iwe tayari mwaka huu huu.

Juu ya visiki: kisiki cha mkarafuu uliokufa king'olewe chote na mizizi yake minene, kisikatwe juu tu na kufunikwa. Kisiki kilichozikwa huoza, na mahali pake huwa shimo chini ya msingi. Na kabla hakijaoza huwa karamu ya mchwa, ambao wakimaliza kisiki hupanda kutafuta milango na kenchi. Vipande vya mbao, mifuko ya saruji na majani navyo visitiwe katika kifusi. Shimo la kisiki lijazwe udongo mwekundu na kushindiliwa kama tutakavyoeleza.

KUKATA NA KUJAZA

Kisiwa chetu si tambarare, na nyumba nyingi hupata kiwanja kwa kukata upande wa kilimani na kujaza upande wa bondeni. Njia hii si mbaya, ila ina sharti moja ambalo twapenda kila mwanachama alikumbuke: kuta zikae juu ya ardhi iliyokatwa, si juu ya kifusi. Ardhi iliyokatwa imekuwa imeshindiliwa tangu ilipoumbwa. Kifusi ni cha jana.

Bila shaka mmeziona nyumba ambazo baraza zimejitenga na ukuta, pakawa na mwanya mkono unapita. Nyumba ile imejengwa juu ya ardhi na baraza juu ya kifusi. Nyumba imebaki, baraza imeondoka. Huyo bado amepata salama. Asiye salama ni yule ambaye nusu ya nyumba yenyewe iko juu ya ardhi na nusu juu ya kifusi, kwani hapo mwanya hupita katikati ya chumba.

Lipo jambo la kupunguza kazi yote hii, nalo ni kuielekeza nyumba. Ulaze urefu wake ubavuni mwa kilima, usiuelekeze juu na chini. Mteremko ukishuka futi moja katika kila futi tano, nyumba ya futi 30 kwa 24 iliyoelekezwa urefu wake chini ya kilima itataka tofauti ya futi 6 baina ya nyuma na mbele. Ukiigeuza huwa chini ya futi 5. Futi moja na ushei ya udongo kwa kiwanja kizima ni makarai mengi sana, na mwenye kulipa vibarua anaelewa. Kama mteremko ni mkali zaidi ya hapo, jenga kwa ngazi mbili, vyumba juu na jiko na uani chini, kuliko kukikata kilima kwa mkato mmoja mkubwa.

Kifusi cha uani na cha ndani ya msingi kishindiliwe kwa matabaka ya inchi sita, tabaka baada ya tabaka. Kumwaga futi tatu kwa mara moja na kupiga juu yake ni kujidanganya. Nguvu ya gogo haifiki chini. Unyevu wake upime hivi: kamata konzi ya udongo, ibane iwe donge, uliangushe kutoka kimo cha bega juu ya ardhi ngumu. Likisambaratika likawa vumbi, udongo ni mkavu, nyunyiza maji. Likibaki donge au likajibana kama chapati, umelowa mno, ngoja ukauke. Likivunjika vipande vichache, shindilia sasa hivi. Mafundi wengine hupenda kumwaga maji mengi kifusi kijikalie chenyewe. Katika mchanga mtupu njia hiyo husaidia. Katika udongo wetu mwekundu hufanya tope, na tope likikauka hujikunja likaacha mianya.

Ule ukuta wa udongo uliobaki nyuma baada ya kukata usiachwe wima kama mlango. Ulazwe nyuma, kila futi moja ya kimo si chini ya nusu futi, na penye mchanga zaidi ya hapo. Baina yake na ukuta wa nyumba iachwe njia isiyopungua futi nne. Ukingo ukizidi kimo cha mtu, usiamue mwenyewe wala usimwachie kibarua. Mwite mhandisi, kwani udongo ukiporomoka usiku hauchagui. Ukijenga ukuta wa mawe kuuzuia, uachiwe matundu ya kutokea maji chini, la sivyo maji yatajikusanya nyuma yake na kuusukuma mpaka ulale.

Msingi wenyewe uchimbwe mpaka uufikie udongo mgumu usiowahi kutikiswa, na kwa nyumba ya chini isiyo ya ghorofa usipungue futi mbili. Mchanga wa pwani usiutie katika saruji kwa kuwa ni wa bure. Chumvi yake huila nondo, na pwani nayo huliwa kwa kuchotwa.

MAJI

Nyumba ya futi 30 kwa 24, mvua ya inchi mbili ikinyesha juu ya paa lake, hukusanya maji kiasi cha lita 3,400, yaani ndoo 170. Inchi mbili kwa siku moja ya masika si ajabu kwetu. Wakati pale palipokuwa na mikarafuu, maji hayo yalishuka majani kwa majani na kuingia ardhini kidogo kidogo. Sasa yanamwagika yote katika mistari miwili chini ya mabati, karibu na msingi, juu ya ardhi uliyoivua nguo zake.

Kwa hivyo mtaro wa kwanza uchimbwe kabla ya kuchimba msingi. Uwe juu ya kiwanja, upande wa kilimani, uyadake maji yashukayo na kuyapeleka kando pole pole. Kipenyo chake kitoshe beleshi kulala ndani. Mtaro wa pili uwe chini ya ule ukingo, katika ile njia ya futi nne. Na kiwanja chote kiinamie nje, inchi moja kwa kila futi tano inatosha. Uwanja wa kuanikia karafuu uwe na mwinamo huo huo, ili mvua ya vuli ikikushtua, ukishakunja majamvi, sakafu ikauke upesi.

Maji ya mitaro yasielekezwe kwenye mikarafuu. Watu hufanya hivyo kwa nia njema, wakidhani wanainywesha. Mkarafuu ukisimamishiwa maji miguuni hufa, na ukifa kwa sababu hii hauachi alama ya kujua. Yapelekwe kwenye migomba na majimbi, ambavyo havichoki kunywa. Kingo zipandwe mchaichai au mananasi kwa mistari ya kukingama kilima. Huzuia udongo, na tena huliwa na kunywewa. Mwenye uwezo na atie milizamu na tangi, kwani ndoo 170 si kitu cha kumwaga.

Choo kiwe upande wa chini wa kisima, wala si chini ya futi 100 kutoka kisimani, kiwe chako au cha jirani.

Imebaki khabari ya wakati. Pesa za karafuu nyingi huwa mkononi vuli ikimalizika, na kaskazi ni kavu, kwa hivyo watu hukata viwanja mwezi wa Januari na Februari, saruji ikaisha katika msingi, na masika yakawakuta na kilima kilichojeruhiwa na pesa hakuna. Sisi twaona bora kukata mwezi wa Juni, masika yakisha pita, ardhi ikiwa laini kwa jembe na yenye unyevu wa kushindilia, na uchumaji haujawa mkubwa, vibarua wanapatikana. Mtihani ni kuziweka pesa miezi sita bila ya kuziguza. Asiyeweza hilo na anunue mabati na nondo mapema ayaweke. Saruji asiinunue, kwani haingoji. Na aliyekwisha kata kiwanja kaskazi hii, na achimbe mitaro yote miwili kabla ya mwisho wa Februari na aufunike ukingo kwa makuti, hata kama msingi hautajengwa mwaka huu.

Chama kinao mpira mweupe wa kupimia usawa wa maji, urefu futi 60, na magogo mawili ya kushindilia. Mwanachama atakaye kuazima na aandikishe jina lake ofisini, siku yoyote ya kazi kabla ya adhuhuri, na vyombo virudishwe baada ya siku nne kwani wanaongoja ni wengi.